Nilivyouandika Mwalo Mzima Hauna Kazi

Nina diploma. Nasema mapema kwa sababu wanaonijua hapa Rumonge wanafahamu kwamba nisiposema mwanzoni nitasema katikati, na nikisema katikati huwa nakatiza maneno ya watu. Ni diploma ya takwimu na maendeleo ya jamii. Niliipata Tanzania, nikisoma jioni, mchana nikibeba mizigo Kigoma. Imo ndani ya fremu yenye kioo, imetundikwa sebuleni kwa dada yangu, juu ya kochi, mahali ambapo ilikuwapo picha ya Makka. Picha ya Makka tuliihamishia karibu na mlango. Dada alisema Mungu atatuelewa, kwa kuwa Yeye ndiye anayejua tabia yangu tangu nikiwa mtoto.

Niliondoka Burundi nikiwa mdogo, nimeshikwa mkono na watu waliokuwa wanakimbia, nikarudi mtu mzima nikiwa na mabegi mawili na suruali nne zenye mikunjo ya pasi. Watu waliniuliza nani alinisomesha. Nikawajibu kwamba nilijisomesha mwenyewe, nilijitengeneza mwenyewe, kama fundi anayejitengenezea kitanda chake. Dada alikuwa akisikia jibu hilo akiwa jikoni. Hakuwahi kutoka kulisahihisha. Ukweli ni kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akinitumia gunia la ndagala, yaani dagaa wa ziwani, kupitia wachuuzi wa Kabonga wanaovuka mpaka, mimi nikiziuza Kigoma na kulipa ada. Lakini gunia nilikuwa nalipokea mwenyewe, nalibeba mwenyewe, na kuliuza mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikipiga hesabu.

Baada ya kukaa mwaka mzima bila ajira, huku nikieleza kila mtu kwamba soko la Rumonge bado halijafikia kiwango changu, ulikuja mradi. Walitaka kujua watu wa ufukweni wanaishi vipi: nani anafanya kazi gani, nani anamlisha nani, kwa nini nyumba moja ina bati jipya na ya jirani inavuja. Mtaani utafiti huo waliuita anketi. Walihitaji watu wa kupita nyumba kwa nyumba na tableti kuuliza maswali. Nilipeleka nakala ya diploma, nikapeleka na nakala ya pili endapo ya kwanza ingepotea, nikachukuliwa kuwa kiongozi wa timu.

Timu yenyewe ilikuwa mimi na mwenzangu mmoja, mama wa makamo aliyetoka Uvira ng'ambo ya ziwa, mwimbaji wa kwaya, binti wa mvuvi. Alikuwa amemaliza sekondari basi. Nilimhurumia kidogo.

Katika mkutano wa kwanza, mkuu wa mradi, bwana mpole kutoka mlimani upande wa Bugarama, alitueleza jambo ambalo lilinifanya nikae wima. Baada ya anketi, mradi ungejenga vichanja vya waya mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ili akina mama waache kuanika ndagala kwenye mchanga. Vichanja vingekuwa vichache. Nafasi wangepewa wanawake ambao majibu ya anketi yangeonyesha kwamba kazi yao ni samaki, na kwamba wao ndio wanaobeba nyumba zao.

Sikungoja hata kuvua viatu nilipofika nyumbani.

"Dada," nikasema, "kichanja chako kimefika."

Dada yangu anaanika ndagala tangu kabla sijaondoka. Mume wake alikwenda Kabonga na nyavu zake, huko akapata mke mwingine, na sasa huja Rumonge kwa nadra, kama mvua ya Julai, mwezi wa kiangazi. Watoto watatu wa kike wanakula kwa mikono ya dada. Msimu wa mvua uliotangulia, wingu lilishuka ghafla akiwa ameshaanika mali yote, mchanga ukageuka uji, na ndagala zikaoza kwa harufu ambayo ilikaa kwenye kanga zake wiki mbili. Wachuuzi hawakuzigusa. Kwa mwezi mzima tulikula mboga ya lengalenga na mihogo, na mkubwa wa wale mabinti alisimamishwa shule mpaka dada alipojipanga tena. Mvua nyingine ilikuwa inakaribia.

"Mudogo wangu," akaniambia, "mimi sitaki kingi. Hata kona tu. Mvua ikinikuta tena mu mchanga, huyu mutoto hatarudi shule."

"Kona? Ukiwa na ndugu aliyesoma, dada, hauombi kona."

Mkuu wa mradi aliniachia nichague wiki ya kupita mwaloni. Alisema yeye ni mtu wa mlimani, hajui mambo ya ziwa, na mimi ni mtoto wa hapahapa. Nilishuka mwaloni kupeleleza. Nikakuta mandhari ambayo mtafiti yeyote angeyaota: watu wamekaa. Wanaume wanashona nyavu kwenye vivuli, mitumbwi imevutwa nchi kavu, akina mama wanasukana nywele, harusi mbili zinaandaliwa. Kila nyumba ilikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa na nafasi ya kujibu.

"Tunaanza kesho," nikamwambia mwenzangu.

Alitazama ziwa, halafu akanitazama mimi. "Shefu, hii wiki mwezi iko mukubwa. Batu habaendi ziwani. Tutabakuta banakaa tu."

"Ndiyo maana!" nikamwambia. "Mtu akikaa ndiyo unamhoji. Akikimbia utamhoji vipi?"

"Mi nasema tu, shefu."

"Kuna kitu kinaitwa upatikanaji wa mhojiwa," nikamwambia, na nikamfafanulia kwa muda mrefu. Alisikiliza kwa adabu kama anavyosikiliza mahubiri ya mgeni.

Nieleze kwa msomaji asiye wa huku. Ndagala huvuliwa kwa taa. Wavuvi hutoka gizani, huwasha taa juu ya maji, samaki hufuata mwanga, wavu unapandishwa. Mbalamwezi inapowaka, ziwa lote huwa taa moja, na samaki hawana sababu ya kusogelea taa ya mtu. Kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi hukaa, na wavuvi wakikaa, waanikaji hawana cha kuanika. Kila mtoto wa Rumonge anajua. Mimi pia nilijua. Lakini nilikuwa nimeishi muda mrefu mbali na mchanga huo, na mwezi niliobaki nao ni ule wa kutafuta Ramadhani na Idi. Huo mwingine, wa ndagala, niliuacha utotoni pamoja na suruali fupi.

Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Tuliwekewa viti, tukaletewa chai. Wazee walijibu maswali ambayo hatukuuliza. Nilikuwa nahoji nyumba nyingi kuliko timu yoyote ya vijiji vingine vya ufukweni, na jioni mkuu wa mradi alikuwa ananiandikia ujumbe wa pongezi, nami nikiusoma kwa sauti mezani.

Swali kuu la kazi lilikuwa hili: katika siku saba zilizopita, je, umefanya kazi yoyote ya kujipatia riziki, hata kwa saa moja? Ukijibu hapana, linafuata jingine: je, unayo kazi ambayo umeiacha kwa muda tu na utairudia? Hili la pili ndilo lililoniangusha, na naomba lisihesabiwe kosa la mashine. Mara ya kwanza lilipotokea kwenye tableti nililisoma, nikacheka. Niliona ni swali la watu wa ofisi, wale wenye likizo yenye muhuri. Nani atamuuliza mwanikaji wa ndagala kama yuko likizo? Nikabonyeza "hapana" bila kumuuliza mama aliyekuwa mbele yangu. Nyumba iliyofuata nikafanya hivyohivyo. Siku ya pili nikamfundisha mwenzangu njia hiyo ya mkato. Akasema, "Lakini shefu, swali liko pale." Nikamwambia mengine huwekwa kwa ajili ya Ulaya.

Nyumba ya dada niliihoji mimi mwenyewe. Kanuni ilikataza kumhoji ndugu, ila niliona kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya wasiojiamini. Nilivaa kitambulisho shingoni, nikabisha hodi kwenye mlango ambao ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwangu.

"Asalaam alaikum," nikasema.

"Alaikum salaam. Umesahau nini?"

"Nimekuja kikazi, mama."

"Mama ni nani hapa?" Akaanza kucheka. "Haya ingia, bwana wa kazi. Vua viatu, nimefagia."

Nikakaa chini ya diploma yangu. Nikamuuliza swali la siku saba kwa sauti ileile niliyotumia kwa wengine.

"Hizi siku saba? Hapana," akajibu. "Si unaona mwenyewe? Tuko tu."

Nikabonyeza. Swali la pili likaja, nikalibonyeza pia. Yalipokuja maswali ya misaada, kama amewahi kumsaidia ndugu wa nje ya nyumba, akajikohoza na kusema, "Hapo iko mambo. Kuna ndugu mumoja nilimutumia magunia—" nikamkatiza kwamba tunauliza ya mwaka huu tu. Akanitazama kidogo. "Basi hakuna," akasema. Mahojiano yakaisha kwa dakika chache, rekodi yangu mpya.

Wiki mbili baadaye mkuu wa mradi alinipigia. Alisema kazi yetu ilikuwa ya haraka mno na safi mno kiasi kwamba amenipendekeza niwe msimamizi wa ufukwe wote mpaka Nyanza-Lac. Mkataba angeuleta mwenyewe. Halafu akaniomba nibandike orodha ya kwanza ya majina ya vichanja kwenye ukuta wa ofisi ya zone, yaani ya tarafa, watu waitazame kabla haijatiwa saini.

Niliibandika kabla ya kuisoma. Hilo nalo liandikwe.

Ilikuwa fupi. Juu kabisa alikuwamo mke wa mwenye mitumbwi minne, yule mwenye friji mbili za samaki aina ya mukeke. Alifuata mama mwenye ghala karibu na soko, ambaye hata kunuka samaki hanuki. Wote walikuwa watu wa namna hiyo, wenye akiba. Na sababu ilikuwa rahisi nilipoiona: wiki ya mbalamwezi ndagala huadimika, bei hupanda, na mwenye shehena ghalani hufungua ghala. Wiki ile niliyoichagua mwenyewe, waliokuwa kazini ni wale tu waliokuwa na mali ya kungojea bei; hata mwenye mitumbwi minne, aliyekuwa amekaa, tulimwandika hana kazi, mkewe akaonekana ndiye anayebeba nyumba. Wengine wote, wanawake ambao migongo yao imepinda kwa kuinama mchangani, walikuwa wameandikwa kwa mkono wangu: hafanyi kazi, hatafuti kazi.

Dada hakuwamo.

Siku hiyo niliamua kupitia njia ya nyuma kwenda nyumbani. Njia ya nyuma ya Rumonge ni ndefu, inazunguka kwenye michikichi, na bado akina mama watatu walinikuta.

"Ee, Bwana Diploma! Tumeamka, uje utuandike tena."

"Muache, musimuamushe. Ni sisi tunalala, yeye ndiye anafanya kazi."

"Kaka, mugongo wangu huu ulisema ni wa nini? Wa kulalia?"

Niliwaambia kuna hitilafu kwenye tableti. Mwenzangu wa Uvira, aliyekuwa anapita na beseni lake, akasikia. Wakamgeukia yeye. "Ni kweli mashine imeharibika?"

Akanitazama, akaona jasho langu. "Mashine za siku hizi," akasema taratibu, "haziaminiki." Akaenda zake. Nimewahi kutukanwa kwa lugha nne, na hakuna tusi lililonichoma kama huruma ile.

Dada alikuwa ameketi kizingitini. Hakuwa na kazi mkononi, jambo ambalo lilinitisha.

"Niliambiwa sipo," akasema.

"Ni orodha ya kwanza tu, dada. Kitaalamu tunaiita rasimu."

"Sikuuliza inaitwaje. Nauliza weye uliandika nini."

Nikaanza kumweleza juu ya tafsiri ya kimataifa ya ajira. Aliniacha nifike mbali. Halafu akasema, bila hasira, "Uliniuliza kama siku saba nimefanya kazi. Nilikuambia hapana, ni kweli. Lakini mutu mwenye akili angeuliza: na juzi? Na kesho kutwa? Mushona nguo cherehani yake ikikosa uzi, si ni mushona nguo tu?"

Swali hilo lilikuwa limeandikwa kwenye tableti karibu neno kwa neno. Watu waliosoma sana walikuwa wamelifikiria, wakaliweka, na dada yangu ambaye hakumaliza shule ya msingi akalifikiria pia. Aliyeliruka ni mmoja tu, wa katikati, mwenye fremu.

Mkuu wa mradi alifika siku mbili baadaye. Tulikaa kwenye kimgahawa karibu na barabara kuu, akaweka mkataba wa usimamizi mezani, na kalamu juu yake. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nilianza na changamoto za kimbinu, nikapitia upendeleo wa sampuli, nikagusa mabadiliko ya majira. Bwana yule mpole alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima. Niligundua kwamba nikiendelea hivyo atasaini na mimi nitasaini, na itakuwa imekwisha. Nikaikata hotuba. Nikanywa maji.

"Shefu," nikasema, "niliwahoji wakati wa mbalamwezi."

Hakuelewa. Nikamweleza habari za taa na samaki, kama nilivyoeleza hapa. Kisha nikamwambia habari za lile swali la pili, jinsi nilivyokuwa nikilijibu mwenyewe kwa niaba ya mwalo mzima, na jinsi mwenzangu alivyonionya siku ya kwanza.

Akakunja karatasi ya sukari mara nyingi. "Mimi ni mtu wa mlimani," akasema mwisho. "Ungeniambia samaki wanaanguka kutoka juu ya miti ningeandika. Wewe ulizaliwa hapa?"

"Mita mia tatu kutoka hapa."

"Na huyo mama wa Uvira alijua?"

"Alijua. Alinizidi."

Akauvuta mkataba upande wake wa meza, si kwa ukali, kama mtu anavyosogeza sahani ya mgeni aliyekwisha kula. Alisema orodha haitatiwa saini. Tutarudia mwalo wote siku za giza, kabla ya mvua. Msimamizi atakuwa mama wa Uvira, na mimi, nikitaka, nitakuwa chini yake. Nikitaka! Nilikuwa nataka hata kuwa chini ya meza.

Siku za giza zilipofika niliujua mwalo upya. Asubuhi mitumbwi ilitua imejaa, na hapakuwa na kiti, wala chai, wala mtu wa kuniambia karibu. Wanawake walikuwa wanakimbia na mabeseni, wanaosha, wanamwaga, wanatandaza, wanageuza. Ukimwita mmoja anajibu akiwa amekwisha kupita.

"Mama, naomba dakika kumi."

"Uliza, lakini geuza!"

Niliuliza nikigeuza. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya ngozi, siku ya pili nilivaa kandambili, siku ya tatu nilikuwa peku. Tableti ilinuka ndagala mpaka paka wa ofisi ya zone akaanza kulala juu yake. Na majibu yalikuwa mengine kabisa. Nilipojumlisha saa za mama mmoja kwa siku, tableti iliwaka nyekundu ikinitaka nihakiki, kwa kuwa haikuamini kwamba mtu mmoja anaweza. Nikamsomea mama huyo. Akasema, "Basi iambie ije ijaribu."

Safari hii sikuihoji nyumba ya dada. Msimamizi wangu alikuja mwenyewe, adhuhuri, dada akiwa amerudi kuswali na kupika kwa pamoja. Aliniambia nikae pembeni, mimi ni mwanakaya kama wengine, nitajibu nikiulizwa. Nikakaa. Mabinti watatu walijipanga kwenye kochi kutazama, kama watu waliokata tikiti.

Maswali ya kazi yalikwenda sawa. Siku saba, ndiyo. Saa, tableti ikawaka nyekundu, wakacheka wote wawili. Halafu msimamizi akatazama kioo cha tableti na uso wake ukabadilika.

"Dada," akamwambia dada yangu, "hapa kuna kitu. Ile mara ya kwanza imeandikwa mukubwa wa hii nyumba ni mwanaume. Mwenye diploma. Mwenye mushahara."

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau. Katika ule ukurasa wa kwanza kabisa, unaouliza nani mkuu wa kaya, nilikuwa nimejiandika mimi, bila kufikiri, kama mtu anavyokaa kiti cha mbele kikiwa wazi.

Nilijua maana yake, maana vigezo nilivisoma vizuri mara hii. Vichanja ni vya wanawake wanaobeba nyumba zao. Nyumba yenye mwanaume msomi anayelipwa mshahara haiingii, hata mwanamke wake aanike ndagala za ziwa zima. Na msimamizi alijua pia, kwa sababu aliuliza taratibu sana, kalamu ya tableti ikiwa hewani:

"Nani mukubwa wa hii nyumba?"

Dada aliinua uso. Alinitazama. Aliwatazama mabinti, ambao walikuwa wananitazama mimi. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga na kusema, "Andika yeye. Ni mwanaume. Iko na masomo. Mutu hawezi kumuondolea kaka yake heshima mbele ya watoto."

"Dada, nikiandika hivyo—"

"Najua. Andika tu."

Alijua. Alikuwa ameulizia mwaloni, alijua kigezo kama alivyojua bei. Alikuwa tayari kurudi mchangani na mvua juu ya kichwa ili mimi nibaki mkuu wa nyumba ambayo sikuwahi kununua hata kibiriti chake. Na mimi, niseme ukweli, kwa muda kama wa kumeza mate, nilipenda. Nilisikia "ni mwanaume, iko na masomo" na kifua kikajaa. Ndipo macho yangu yakamwangukia mkubwa wa mabinti, yule wa shule, ameshika ukingo wa kochi kwa mikono miwili.

"Futa," nikasema.

"Nifute nini, shefu?" Msimamizi bado aliniita shefu kwa mazoea.

"Mkuu wa kaya ni dada. Kodi ya kiwanja analipa yeye. Chakula ananunua yeye. Mimi nakula."

"Uhusiano wako na mukubwa wa nyumba?"

"Mdogo wake."

"Mushahara?"

"Mpaka kazi hii iishe. Halafu hakuna."

Akasogeza kidole. "Hapa kuna machaguo. Mwenye kuchangia, ama mwenye kutegemea."

Vyumba vya nyumba yetu ni vidogo, na maneno mengine huvijaza. "Mwenye kutegemea," nikasema. Binti wa mwisho akacheka, dada akampiga kofi la mgongo, halafu dada mwenyewe akaanza kucheka, akafunika mdomo kwa kanga, akatoka nje kwenda kuangalia sufuria ambayo ilikuwa bado haijabandikwa jikoni.

"Na swali la misaada," msimamizi akaendelea, akiwa makini kutonitazama. "Aliwahi kumusaidia ndugu wa nje?"

"Hilo linauliza ya mwaka huu," nikamwambia.

"Najua."

"Lakini kama kuna mahali pa kuandika maelezo, andika magunia. Miaka mitatu. Kupitia Kabonga."

Hapakuwa na mahali. Akaandika hata hivyo, pembeni, kwenye daftari lake la nyimbo za kwaya.

Orodha ya pili ilibandikwa na msimamizi mwenyewe, baada ya kuisoma mara mbili. Ilikuwa ndefu kuliko vichanja, kwa hiyo wengine walipangiwa wawili wawili. Dada alipata nusu ya kichanja cha safu ya nne, pamoja na mama mmoja kutoka mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, ambaye wanagombana naye kila siku kuhusu upande unaopata jua kwanza. Mke wa mwenye mitumbwi minne hakuwamo, na amesema hadharani kwamba watu waliosoma Tanzania hawana adabu. Nimepokea lawama hizo kwa fahari, kwa kuwa angalau amekumbuka kwamba nimesoma.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya tatu baada ya vichanja kukamilika. Tulivuta turubai, maji yakapita chini ya waya, ndagala zikabaki. Jioni ile dada aliketi kwenye kochi, mahali ambapo kwa desturi naketi mimi, akanyoosha miguu.

"Kwa kuwa serikali na mashine zote zinajua mukubwa wa nyumba ni nani," akasema, "kesho alfajiri kuna mutu wa kubeba beseni."

"Mwenye diploma habebi beseni," nikamwambia.

"Hiyo fremu itabaki ukutani. Weye utakuja."

Nilikwenda. Tulipofika mwaloni bado kulikuwa na ukungu, na wale akina mama watatu wa njia ya nyuma walikuwa wamekwisha kufika. Mitumbwi ilipotua na beseni likajazwa ndagala, mmoja wao alilitazama kichwani mwangu na kusema kwamba nalishika vibaya, litanimwagikia. Lilinimwagikia.